Kinachotisha ni macho, si damu
Siyo damu iliyoifanya filamu ya The Silence of the Lambs (1991) idumu; ukitoa pale Lecter, muuaji mla watu, anapotoroka, damu ni kidogo. Ni kamera. Mwongozaji Jonathan Demme aliwaambia waigizaji wanaozungumza na Clarice, mwanafunzi wa FBI, waitazame lenzi moja kwa moja, ila Jodie Foster, anayemwigiza Clarice, mwenyewe anatazama pembeni kidogo. Kwa hiyo macho ya Lecter yanakuangukia wewe uliyekaa kwenye kochi. Hata seli yake iliwekwa kioo badala ya nondo, uso usikatwekatwe. Rudia wanapokutana mara ya kwanza: Anthony Hopkins, anayemwigiza Lecter, kasimama wima, mikono ubavuni, kama aliyekuwa anamsubiri. Mwili hunisisimka kila nikiiona, na hapo hajafanya lolote bado.