Monita mbili kwenye laptopu moja: kagua matundu kabla ya kwenda Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi

Umeuliza adapta ipi itashika monita 2 za 1080p kwenye ThinkPad T480 bila picha kukatika. Kwa mashine hiyo, weka pesa mfukoni kwanza. Ina tundu la HDMI kulia na matundu 2 ya USB-C kushoto, na hayo ya USB-C yote hutoa picha. Monita ya kwanza ichomeke kwenye HDMI, ya pili ipate kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, tundu jingine la picha kwenye monita. Grafiki yake ya Intel hubeba skrini 3 kwa pamoja, ukihesabu na ya laptopu yenyewe.

Wenye tundu moja la USB-C ndio wenye kazi. Kuna USB-C za chaji na data tu, na hapo adapta ya kawaida haitoi picha hata ikiwa ya bei gani. Tafuta alama ya radi, au ya D na P zilizoshikana. Usipoiona, soma maelezo ya modeli kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji. Neno la muuzaji halitoshi.

Adapta yenye HDMI 2 hutoa picha mbili tofauti kwenye tundu moja kwa njia iitwayo MST. Windows inaielewa. MacBook haiielewi: monita zote mbili zitaonyesha kitu kilekile. Tena kuna hesabu ya njia. Adapta ikibeba pia USB 3, picha mara nyingi hubakiziwa nusu ya nyaya, yaani takriban gigabiti 8.6 kwa sekunde kwenye DisplayPort 1.2. Monita ya 1080p kwa 60 Hz (picha 60 kwa sekunde) hula kama 3.5, kwa hiyo mbili zinatosha. Ya 4K kwa 60 Hz inataka zaidi ya 12, ndiyo maana inashuka hadi 30 Hz na kipanya kinaanza kuburuta.

MacBook ya M1 au M2 ya kawaida inakubali monita moja tu ya nje. Dawa yake ni adapta ya DisplayLink, inayotengeneza picha kwa programu na kuipitisha kama data ya USB. Hiyo inataka draiva na ruhusa ya kurekodi skrini, inatumia prosesa, na filamu zenye ulinzi zinaweza kutoka nyeusi. Kwa kazi za ofisi inafaa sana. Kwa michezo, sahau.

Kigawanyio cha HDMI, kile cha kuonyesha mpira kwenye runinga mbili, usikinunue. Hutoa picha ileile pande zote.

Kosa linalojirudia zaidi ni mwelekeo wa kebo. Kebo ya kawaida ya DisplayPort kwenda HDMI hupitisha picha upande mmoja tu: DisplayPort kwenye kompyuta, HDMI kwenye monita. Ukiigeuza, skrini itakuambia hakuna mawimbi, nawe utadhani monita ya mtumba imekufa.

Chaja nayo: ukiipitishia kwenye adapta, adapta huweza kujikatia wati 10 hadi 15, basi ile ya wati 45 italegea. Tumia ya 65.

Nenda dukani na laptopu na chaja yako. Omba monita 2 zichomekwe, bonyeza Windows na P, chagua Extend (kila skrini na picha yake), kisha angalia Hz kwenye mipangilio ya skrini. Chomeka flashi, nakili faili kubwa, tikisa kebo kidogo. Subiri dakika 15. Adapta kupata joto ni kawaida. Picha ikipotea sekunde mbili na kurudi, badilisha kebo kwanza, na ikiendelea iache hapo hapo kaunta.