Maswali ya Pwani: mkataba, hati na korosho

Barua ni nyingi, nafasi ni hii hii. Walioniuliza bei ya ploti za ufuoni sijawajibu. Mimi si dalali.

Mkoa wa Pwani uko Kenya au Tanzania? (Msomaji, Eldoret)

Wa Tanzania upo, makao yake makuu ni Kibaha. Wa Kenya ulipisha kaunti sita baada ya uchaguzi wa Machi 2013: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Swali hili huja kila mara, na jibu halijabadilika.

Nimeambiwa mkataba wa Sultani wa Zanzibar ulikuwa wa miaka 50 na uliisha 2013, kwa hiyo Pwani si Kenya. Kweli? (Msomaji, Likoni)

Si kweli, na aliyekwambia hajausoma. Mwaka 1895 Uingereza ilikabidhiwa kuutawala ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kwa niaba ya Sultani, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Enzi ilibaki yake. Ndiyo sababu tangu 1920 bara liliitwa koloni na ukanda ukaitwa himaya, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus hadi mwisho wa ukoloni. Oktoba 1963, London, Sultani aliachia dai lake. Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua za kuahidiana mambo. Miaka 50 haimo humo.

Kilichomo ni hiki: uhuru wa dini, mahakama za kadhi, maafisa Waislamu kadiri iwezekanavyo panapokaa Waislamu wengi, na mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu. Na la tano, ambalo wapiga kelele wa barazani hawaligusi: hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa daima, na serikali ikiitaka ardhi hiyo kwa manufaa ya umma italipa fidia kamili. Sasa jiulize, hati za nani?

Kwa nini wenyeji ni maskwota kwenye ardhi ya babu zao? Si uzembe tu wa kutotafuta hati? (Msomaji, Nairobi)

Uzembe! Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda huu. Mwenye dai lake binafsi alitakiwa kufika mbele ya afisa na kulithibitisha, na pasipokuwa na mdai pakawa mali ya Taji la Uingereza. Waliojua mlango wa ofisi walipata, wengi wao matajiri wa mjini, Waarabu na Waswahili na Wahindi. Wamijikenda, makabila tisa ya wenyeji wa hapa, walimiliki kiukoo, na sheria ile haikuwa na safu ya kuandika ukoo. Waliokuwa watumwa walikuwa wameachwa huru kisheria mwaka mmoja tu kabla. Wangedai nini?

Uhuru ulipokuja, ardhi ya Taji ikawa ya serikali, na kila serikali ikaigawa kwa watu wake. Zile hati za 1908 nazo zikalindwa na barua ya 1963. Basi leo mwenye hati anaweza kuwa yuko ng'ambo, hata mzee wa mtaa hamjui kwa sura, na wajukuu wa aliyepanda minazi wakaitwa wavamizi. Kila kampeni mwanasiasa huja na picha za kugawa hati. Mimi huuliza jambo moja tu: zimetoka kwenye shamba la nani, na huyo amelipwa kiasi gani?

Hukuuliza, lakini nakwambia kwa sababu najua wenzako wananunua. Hapa mtu anaweza kumiliki nyumba na asimiliki kiwanja ilipojengwa; Mombasa utaratibu huo ni wa zamani, mwenye nyumba hulipa kodi kwa mwenye ardhi. Ukionyeshwa nyumba Kisauni kwa bei ya kuchekesha, uliza unauziwa nini hasa. Barua ya chifu si hati. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi mwenyewe, usiletewe majibu na dalali.

Mekatilili alikuwa mganga? (Mwanafunzi, Malindi)

Alikuwa kiongozi. Mwaka 1913 aliwalisha Wagiriama kiapo cha kukataa kodi na kazi za shuruti. Waingereza walitaka pia kuwaondoa kaskazini mwa mto Sabaki, kwenye ardhi yenye rutuba, ili njaa iwasukume kwenda kuwa vibarua mashambani. Akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao. Ndiyo hadithi ile ile ya ardhi.

Nitajie Mijikenda tisa.

Giriama, Digo, Duruma, Rabai, Ribe, Kambe, Jibana, Chonyi, Kauma. Kazi nyingine za shule fanyeni wenyewe.

Pwani inaishi kwa utalii tu? (Msomaji, Kisumu)

Bandari ya Mombasa inalisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Kuna chumvi ya Gongoni, mkonge wa Vipingo, saruji, samaki. Makontena yalipolazimishwa kupanda reli mpya hadi Nairobi, madereva na wenye magodauni ya Mombasa walikaa bila kazi, mpaka Rais Ruto alipoagiza mwaka 2022 shughuli zirudi bandarini. Watalii hawana uhusiano na hilo.

Kinachoniuma ni mazao. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988, na wakulima wakasubiri miaka mingi kabla ya kingine kuanzishwa pale. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikufa miaka ya 1990. Halafu mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi. Marufuku kama hiyo bila viwanda vya kutosha humwachia mkulima wanunuzi wachache, nao ndio hupanga bei. Mti usiolipa hukatwa kuni.

Madini ya Kwale yameisha. Ardhi itarudi kwa nani? (Msomaji, Ukunda)

Hatimaye swali lenye kichwa. Uchimbaji wa titani ulisimama Desemba 2024 baada ya mchanga wenye madini kuisha. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa kupisha mgodi. Mkiitwa kwenye mikutano ya kujadili matumizi ya ardhi hiyo, nendeni, mkaombe orodha ya majina kabla ya kuonyeshwa ramani yoyote.