Risasi ni ya kufungua njia

Swali lenu la wiki hii linauliza ni mbinu gani inayomfikisha mchezaji salama mwisho wa gemu za kuwakimbia mazombi. Jibu langu ni moja: acha kuua. Anayetaka kumlaza kila zombi anayemwona huishiwa risasi mapema, kisha hukwama mbele ya adui asiyekwepeka akiwa na kisu tu.

Tazama Resident Evil 2 ya mwaka 2019. Zombi wa kawaida humeza risasi kadhaa za bastola kichwani, huanguka, halafu huinuka ukishampa mgongo. Goti lina faida zaidi. Risasi chache pale zinamyumbisha, na huo ndio wakati wa kumpita. Ila mguu ukikatika atatambaa, na anayetambaa hung'ata miguu, kwa hiyo mpitie mbali.

Kumpita bila risasi hata moja kunawezekana, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamkimbilia moja kwa moja, au wanajibana ukutani. Mvute kwanza. Kama chumba kina meza, simama upande mmoja umngoje aje. Akifika karibu utaona mabega yanaanguka mbele na mikono inanyooka. Rudi hatua moja au mbili nyuma, akumbate hewa, halafu zunguka meza kwa upande wa pili. Kwenye korido nyembamba isiyo na meza mbinu hii haifui dafu, na hapo ndipo risasi za goti zinapotumika.

Mbao za kuziba madirisha zipeleke kwenye korido unayopita mara kwa mara. Dirisha la mahali usiporudi liache lilivyo. Mkoba unaanza na nafasi 8, basi toka chumba cha kuhifadhia mchezo ukiwa na 2 au 3 tupu, la sivyo utaukuta ufunguo na ushindwe kuuokota. Mmea mwekundu peke yake hautibu. Ukiuchanganya na wa kijani unarudisha afya yote, tena mchanganyiko unachukua nafasi moja tu.

Kelele ndiyo adui mkubwa kuliko meno. Wale viumbe wa ulimi mrefu, Licker, hawaoni kabisa. Sukuma kijiti cha padi kidogo tu, tembea polepole, usiguse ukuta wala kumgusa yeye, na utapita. Ukikimbia hatua tatu tu, amekurukia.

Katika Left 4 Dead, gemu ya wachezaji 4 ya mwaka 2008, kelele inaweza kugeuzwa silaha: bomu linalolia huvuta kundi zima lilifuate, kwa hiyo lirushe upande ambao hamwendi. Boomer, zombi mnene anayetapika, msimpige akiwa karibu, maana matapishi yake huita wengine; msukume, rudi nyuma, ndipo upige. Mkisikia kilio cha Witch, zombi wa kike msiyepaswa kumshtua, zimeni tochi mpite mbali naye. Na anayetangulia achuchumae wakati wa kupiga ili walio nyuma wapige juu ya kichwa chake. Timu nyingi huumizana zenyewe kwa kutojua hili dogo.

Kuna pia Zombie Escape, aina ya mchezo ndani ya Counter-Strike, gemu ya kupigana kwa bunduki, ambako zombi akikupata unakuwa mmoja wao. Huko risasi kazi yake hasa ni kumsukuma zombi nyuma. Mtu mmoja akipiga, zombi hupungua mwendo tu. Watu kumi wakimlenga pamoja, hasogei. Tatizo huanza wote wanapojaza risasi kwa wakati mmoja: kimya cha sekunde mbili kinatosha mlango mnaosubiri ufunguke kuvamiwa. Jazeni kwa zamu. Kosa la pili ni kukimbia wote pamoja mlango unapofunguka. Nusu watangulie mpaka mahali pa kusimama, wageuke na kuanza kupiga, ndipo nusu ya pili iondoke. Wa mwisho kabisa asiendelee kupiga huku akirudi kinyumenyume, maana atajikwaa kwenye ngazi au kona. Ageuke, ashike kisu mkononi, akimbie: mwenye kisu ana mbio kuliko aliyeshika bunduki kubwa.