Jina lililo juu ya jina la babu yako

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe ulioniandikia baada ya kutoka kijijini. Unauliza kwa nini jiwe la kaburi la babu yako lina jina la mtu usiyemjua juu ya jina lake mwenyewe, na kwa nini nishani yake ya vita, ambayo kijiji kizima kiliifahamu, haikutajwa pale hata kwa neno moja. Ni haki yako kujua, nami nilipaswa kukueleza siku ile ile ya maziko.

Jina la juu ni la baba yake. Hakuzikwa hapo, wala hatujui alizikwa wapi, kama kweli alizikwa. Katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walipoiteka Morogoro mwezi Agosti 1916, walihitaji watu wa kubeba vyakula na risasi ili wawafuate Wajerumani kusini, naye akachukuliwa kuwa mpagazi, wakati babu yako angali mgongoni mwa mama yake. Mwanzoni mwa 1917 mto Rufiji ulifurika, njia zikageuka tope, posho ikakatika, na wapagazi wakafa kwa njaa na kuhara damu. Mwenzake mmoja aliyerudi ndiye aliyeleta habari, nayo ilikuwa maneno mawili tu: alibaki Rufiji.

Babu yako alikua na maneno hayo. Kisha vita vya pili vikamchukua yeye pia, akiwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hadi Burma, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za 1944 na kuingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Alitunukiwa Military Medal kwa kumtoa mwenzake aliyejeruhiwa mbele ya bunduki za Wajapani. Hayo niliyasikia kwa wengine. Yeye alizungumzia zaidi tope, ruba na malaria.

Alichokithamini katika nishani ile hakikuwa uso wa mfalme, wala maneno ya upande wa pili yanayotaja ushujaa vitani. Alikuwa akiitoa kwenye kopo la tumbaku, anaisimamisha wima kiganjani, kisha anaizungusha polepole kwa ukucha wa kidole gumba ili nione, kwenye ukingo mwembamba kama wa sarafu, namba yake na jina lake vilivyochongwa. "Mimi wameniandika," alikuwa akisema. "Baba hawakumwandika."

Nilipokuwa msichana alinipeleka Dar es Salaam kwenye sanamu ya Askari, akaniomba nimsomee maandishi yake, ingawa kusoma alijua. Yanasema kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Sanamu ile ilisimamishwa 1927, na haina jina la mpagazi hata mmoja. Babu yako aliizunguka pande zote nne, akarudi kusimama nilipokuwa.

Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile vya kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Babu yako alikuwa ameshafariki. Natamani angesikia, ingawa najua angeniuliza kama jina la baba yake sasa limeandikwa, nami ningelazimika kumjibu kwamba bado.

Ndiyo maana, alipougua mara ya mwisho, aliagiza kwamba jina la baba yake liwe juu, lake liwe chini, na nishani isitajwe. Nilibishana naye, nikiona anajipunguzia heshima aliyoipata kwa damu, na mabishano hayo nayajutia hadi leo. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Langu limeshachongwa mahali. La baba halijachongwa popote."

Nishani ninayo, ndani ya kopo lile lile. Jiwe la kaburi nalo linahitaji mkono wako: herufi za juu zinapigwa zaidi na jua kuliko za chini, na zimeanza kufifia. Ukija Desemba, njoo na kopo dogo la rangi nyeusi na brashi nyembamba.

Mama yako