Takataka za angani zina wenyewe

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilitaka kujua iwapo gharama ya kusafisha takataka za anga za juu ibebwe na mataifa yote kwa pamoja, au na yale tu yaliyoziacha huko. Jibu langu ni kwamba walioziacha ndio walipe. Hata hivyo, kabla ya fedha lipo jambo jingine ambalo wengi wanaochangia mjadala huu hulipita haraka, nalo ni ruhusa. Takataka hizo, yaani roketi na setilaiti zilizokufa pamoja na vipande vyake, zina wenyewe, na mtu mwingine hana haki ya kuzigusa.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, katika kifungu cha 8, unasema kwamba kitu kilichorushwa angani hubaki chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili, na kwamba umiliki wake haubadiliki kwa sababu kiko angani au kwa sababu kimerudi duniani. Mkataba hauweki ukomo wa muda. Baharini, anayeiokoa meli iliyo hatarini ana haki ya kudai ujira wake. Angani hakuna sheria ya namna hiyo, hata kama kitu chenyewe kimekufa miaka 40 iliyopita na mwenyewe hakihitaji tena.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye kimo cha kilomita 840 hivi kutoka ardhini. Huko zinazunguka karibu hatua 20 za juu (sehemu ya mwisho ya roketi, inayofikisha mzigo angani) za roketi za Zenit, zilizorushwa kutoka kituo cha Baikonur huko Kazakhstan kuanzia miaka ya 1980, kwanza chini ya Umoja wa Kisovyeti na baadaye chini ya Urusi. Kila moja ina uzito wa tani 8 au 9. Hazina mafuta, haziongozwi na mtu, na njia zake hukatizana. Wataalamu kutoka nchi mbalimbali walipoorodhesha mwaka 2020 vitu 50 vya hatari zaidi katika obiti (njia za kuizunguka dunia) za karibu, nafasi 20 za kwanza zote zilishikwa na roketi hizo. Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti iliyokufa ya Urusi, Kosmos 2251, iligongana na Iridium 33 ya Marekani juu ya Siberia, na mgongano huo ukazaa vipande zaidi ya 2,000 vinavyoweza kufuatiliwa kwa rada. Setilaiti hizo mbili kwa pamoja hazikufikia tani 2. Zenit mbili zikigongana, ni tani 16 au zaidi zitakazosambaratika kwa mara moja.

Kimo ndicho kinachofanya suala hili lisiweze kuachwa lijimalize lenyewe. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilizunguka kwenye kilomita 500 na ushei. Hewa nyembamba ya huko iliipunguza mwendo kidogo kidogo hadi ikaporomoka na kuungua mwaka 1979. Kwenye kilomita 840 hewa ni haba mno, na kilichoachwa huko hukaa kwa karne kadhaa. Jirani kabisa na hapo, kwenye kilomita 817 hivi, ndipo zinapopita setilaiti za MetOp za Ulaya, ambazo vipimo vyake vya joto na unyevu huingia katika kompyuta za utabiri wa hali ya hewa wa dunia nzima, ukiwemo utabiri wa mvua ambao mkulima wa Kitui au Dodoma huusikia redioni. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba haya ni mambo ya wakubwa wenye roketi.

Wapo wanaodai kwamba teknolojia ya kusafisha bado haijapatikana. Mwezi Februari 2024 chombo cha ADRAS-J cha kampuni ya Astroscale kilitumwa kuitafuta hatua ya juu ya roketi ya H-IIA iliyoachwa angani mwaka 2009. Ni silinda ya tani 3 hivi, yenye urefu wa mita 11, isiyotoa ishara yoyote ya redio kueleza iko wapi. Chombo kilianza kwa makadirio yaliyopimwa kutoka ardhini, kikaiona kwa kamera zake, kikaikaribia hatua kwa hatua, kikaizunguka na kuipiga picha, na hatimaye kikasogea hadi umbali wa mita 15, ilhali vyote viwili vinakwenda kwa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Lakini tazameni ni mali ya nani: roketi ya Japani, kampuni ya Japani, mradi wa shirika la anga la Japani. Hapakuwa na wa kuombwa ruhusa. Ulaya nayo ilijichagulia cha kwake, kipande cha roketi ya Vega kiitwacho Vespa; mwaka 2023, kabla chombo cha kukiondoa hakijarushwa, ikagundulika kwamba kipande hicho kimetoa vipande vingine, yamkini baada ya kugongwa, na ikabidi shabaha ibadilishwe.

Hizo Zenit, ambazo ndizo hatari kubwa, hazina atakayezifuata bila idhini ya Moscow, na naelewa kwa nini idhini haiji kirahisi. Mkono wa chuma unaoweza kuikamata roketi iliyokufa unaweza pia kuikamata setilaiti ya kijeshi iliyo hai. Hofu hiyo ni ya kweli, na inapaswa kujibiwa kwa masharti ya wazi: nani anakwenda, lini, kwa njia ipi, na nani anaruhusiwa kutazama.

Kuhusu malipo, napinga vikali pendekezo la kutoza ada sawa kwa kila setilaiti mpya ili kuunda mfuko wa usafi. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Ni haki tuwajibike kwa mwisho wa setilaiti yetu wenyewe, lakini si haki nchi iliyoingia juzi ichangishwe kwa ajili ya roketi zilizotelekezwa kabla haijawa na hata shirika la anga.

Tena sisi tumekwisha kupokea sehemu yetu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kwamba uchunguzi wa awali ulionyesha ni kipande cha roketi. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 unamtaka mrushaji alipe madhara yote yanayotokea ardhini, hata kama hakufanya kosa. Umoja wa Kisovyeti ulilipa Kanada dola milioni 3 za Kanada baada ya setilaiti yake Kosmos 954 kutawanya mabaki ya nyuklia huko mwaka 1978. Kwa madhara yanayotokea angani, mkataba huohuo unadai kosa lithibitishwe kwanza, na kosa la chuma kisichoongozwa ni gumu mno kulithibitisha. Mwenye mali hapati msukumo wowote wa kuiondoa.

Kenya ni mwanachama wa kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu, inayokutana Vienna kila mwaka. Ningependa ujumbe wetu upeleke huko ombi moja: kila nchi iliyosajili vitu vilivyokufa ichapishe orodha ya vile ambavyo iko tayari viondolewe na mwingine, itaje masharti yake, na iseme itachangia kiasi gani. Sehemu kubwa ya uzito huo ni mali ya Urusi, Marekani na China, kwa hiyo kazi inaweza kuanza bila kusubiri saini za dunia nzima. Urusi ianze na hizo Zenit.

Msomaji wenu,
Machakos