Uliza kama bado unakula

Kaka yangu ni fundi wa umeme wa magari Kirinyaga Road, sehemu ambayo wengi bado tunaiita Grogan. Siku kifafa kilipomwangusha mara ya kwanza alikuwa ameinamia boneti ya Probox ya mteja. Ya katikati nayaruka, maana yanafanana na ya kila familia iliyopitia njia hii: upasuaji, jibu la maabara lenye neno glioblastoma, yaani saratani kali ya ubongo, kisha vipindi 30 vya mionzi, siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, na temozolomaidi, dawa ya saratani, kila siku. Ninachotaka kuwaeleza ni yaliyofuata, kwa sababu hapo ndipo tulipokaribia kumzika mtu aliye hai.

Mwezi mmoja baada ya mionzi akapigwa MRI. Sehemu iliyokuwa iking'aa ilikuwa imeongezeka. Kwenye kituo tulikochukua picha, mhudumu mmoja aliisoma ripoti akiwa amesimama koridoni, akanirudishia bahasha na kuniambia, "Dada, imerudi. Mpelekeni nyumbani apumzike." Mama akaanza kupiga simu Kakamega. Mjomba akaanza kuulizia bei ya shamba. Kufikia siku ya pili, kaka alikuwa akizungumziwa kama hayumo chumbani.

Aliyetufungia breki ni daktari bingwa wa saratani tuliyemwona wiki iliyofuata. Hakuanza na picha. Alimwuliza kaka, "Fundi, ukifungua boneti ukakuta oili imetapakaa, umeshajua kilichoharibika?" Kaka akasema hapana, umejua tu kwamba kuna mahali panavuja. "Basi na hii picha ni hivyo hivyo," daktari akasema.

Ile dawa ya gadoliniamu wanayomdunga mgonjwa kabla ya picha haiitambui saratani. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na kikiwa kizima dawa hiyo haipenyi. Kikibomoka inavuja, na pale inapovuja panang'aa. Uvimbe hukibomoa. Mionzi nayo hukibomoa, hasa ikiwa imepigwa pamoja na temozolomaidi. Kwa hiyo tiba inayofanya kazi inaweza kutoa picha mbaya kuliko ya mwanzo, na jambo hilo hutokea zaidi katika miezi 3 ya kwanza. Ndiyo maana vigezo vya mwaka 2010 vya RANO, kundi la kimataifa la wataalamu wa vimbe za ubongo, ambavyo madaktari wa ubongo huvitumia duniani kote, vinasema kwamba ndani ya wiki 12 baada ya mionzi picha peke yake haitoshi kutangaza kuwa uvimbe umeendelea, isipokuwa kiwe kimetokea kitu kipya nje ya eneo lililopigwa mionzi. La sivyo, kipande cha tishu kikapimwe maabara. Yule wa koridoni hakutuuliza hata mionzi iliisha lini.

Kinyume chake pia kipo, nacho kinadanganya kwa utamu. Deksamethasoni, zile tembe za kupunguza uvimbe wa maji, huziba uvujaji. Bevasizumabu, dawa nyingine wanayopewa wagonjwa hawa, huziba zaidi. Picha inapendeza, familia inashangilia, na huenda seli za saratani zinaendelea na shughuli zake kimyakimya. Kwa hiyo kila picha isomwe pamoja na dozi ya deksamethasoni ya siku hiyo.

Sasa, swali tulilofundishwa kuuliza kuhusu uvimbe si "umekua?" bali "bado unakula?" Kuna picha zinazojibu hilo, au zinazojaribu. Tuliyoandikiwa sisi ni PET ya FDG, picha inayoonyesha seli zinavyotumia sukari. FDG ni sukari iliyofungwa florini yenye mionzi. Seli yenye njaa huimeza kama glukosi ya kawaida, lakini haiwezi kuimaliza, hivyo inakwama ndani na mashine inaona imelundikana wapi. Hapa Nairobi, Aga Khan ya Parklands ina mashine hiyo, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pia inayo. Kama unategemea SHA au bima nyingine, omba idhini kabla ya kupangiwa siku, usije ukaanza kufukuzana na karatasi mgonjwa akiwa tayari amefunga.

Na hapo kwenye kufunga ndipo nilipoharibu. Niliambiwa wazi: asile chochote kwa saa 6, anywe maji tu. Lakini tuliamka saa kumi alfajiri, kulikuwa na baridi ya Julai, na kaka alionekana amenyauka. Nikawaza, mgonjwa atatokaje bila kitu tumboni? Nikampa chai ya maziwa, kikombe kimoja, vijiko vitatu vya sukari. Tukakaa kwenye foleni ya Jogoo Road mimi nikijiona dada mwema. Tulipofika wakamchoma kidole kupima sukari ya damu: 14.2. Vituo vingi hawataki ipite 11. Sukari ya kawaida ikijaa kwenye damu, inagombea mlango uleule na FDG, na picha inatoka imefifia. Chai ilikuwa sehemu tu ya tatizo, maana deksamethasoni nayo hupandisha sukari, na hakuna aliyekuwa akimpima nyumbani. Tukarudishwa. Dozi yake ya FDG haikuweza kuwekwa hadi kesho. Florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110. Hata foleni ya Jogoo Road ingeimaliza.

Kwa hiyo nunua au azima kipima sukari wiki moja kabla. Ikiwa iko juu, mpigie daktari mapema akupangie la kufanya. Usimkatishe mgonjwa deksamethasoni kwa uamuzi wako, kuiacha ghafla ni hatari. Na usishangae wakimlaza kwenye chumba chenye giza bila simu wala soga baada ya sindano. Ubongo unaotazama na kuongea unakula zaidi, na ulaji huo utaonekana kwenye picha.

Mara ya pili mambo yalienda sawa. Ile sehemu iliyotutisha ilikuwa hafifu, iking'aa kidogo sana kuliko ubongo unaoizunguka. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale, daktari akanizuia. Alinieleza kitu ambacho natamani kila mtu akijue kabla ya kulipia kipimo hiki: ubongo mzima ni mlafi. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unachukua karibu asilimia 20 ya nishati yake. Kwa hiyo kwenye FDG ubongo wote unawaka, na uvimbe mdogo au wa polepole unaweza kujificha humo kama tochi mchana. Upande wa pili, seli za kinga zinazokuja kufagia uchafu baada ya mionzi nazo zinakula sukari, na zinaweza kung'aa zikafanana na saratani. Ndiyo sababu picha ya PET lazima ipandishwe juu ya MRI ya karibuni, isisomwe peke yake. Hakikisha umebeba diski ya MRI siku hiyo, si ripoti tu.

Zipo PET za aina nyingine, zinazotumia amino asidi badala ya sukari: methionini, au ile inayoitwa FET. Ubongo wenye afya huzichukua kidogo, uvimbe huzibeba kwa wingi, kwa hiyo unaonekana kama taa kwenye uwanja wenye giza. Kundi la RANO lilizipendekeza kwa vimbe hizi mwaka 2016. Shida ya methionini ni kwamba kaboni yake yenye mionzi hupungua nusu kila dakika 20, hivyo lazima itengenezwe palepale penye mashine. FET, yenye florini, hubebeka. Muulize daktari wako kama unakotibiwa ipo.

Kuna na spektroskopia, kipimo cha kemikali za ubongo, ambayo wengi hawaulizii ilhali hufanyika ndani ya MRI ileile, bila sindano ya mionzi. Kolini ikipanda na kile wanachokiita NAA kikishuka, kuna seli zinazojenga kuta mpya na neva zimepungua. Hiyo ni dalili ya uvimbe hai. Mafuta na laktati vikitawala, huenda ni tishu iliyokufa. Mara nyingi vyote vimechanganyika sehemu moja, na hapo hata bingwa hukuna kichwa. Bora daktari anayekuna kichwa mbele yako kuliko yule wa koridoni.

Uamuzi wetu ulikuwa kuendelea na temozolomaidi, siku 5 katika kila 28, na kurudia MRI baada ya miezi 2. Ile sehemu ilikuwa imepunguka. Mjomba akaacha kuuliza habari za shamba, ingawa hakuomba radhi.

Sisemi kaka amepona. Glioblastoma haina adabu hiyo. Ila sasa picha zake zinasomwa kwa mpangilio, na mpangilio huo ni wake mwenyewe. Diski zote ziko kwenye kopo la biskuti, na juu ya kila moja ameandika kwa kalamu ya wino mzito, kama anavyoandika vipuri vya gari: tarehe, wiki ngapi tangu mionzi, miligramu za deksamethasoni, sukari ya asubuhi. Daktari mpya akimwona anampa kopo kwanza, salamu baadaye.

Mwezi huu MRI imeonyesha doa jipya, zaidi ya mwaka tangu mionzi iishe. Linaweza kuwa tishu iliyoungua. Mionzi hufanya hivyo hata baada ya miaka. Linaweza kuwa saratani yenyewe. PET ni Alhamisi asubuhi. Jana usiku nilipotafuta sukari jikoni sikuiona. Ameificha juu ya kabati, nyuma ya masufuria, na alipoona ninatafuta akacheka peke yake.