Bili za The Sims 4: nyumba ndiyo inayokula pesa

Ukianza na mtu mmoja kwenye The Sims 4, gemu ya kuendesha maisha ya watu wa kubuni wanaoitwa Sim, unapewa Simoleon 20,000, yaani pesa ya humo ndani. Mara yangu ya kwanza nilizimaliza kabla Sim wangu hajala hata mlo mmoja. Nilimjengea sebule pana, madirisha marefu, kitanda cha bei mbaya, akabaki na 60 mfukoni. Nikampa kazi ya uchoraji nikiamini mshahara utatosha.

Bili ilipofika kwenye sanduku la barua, nilidhani kuna kosa. Taa zilikuwa tatu tu na televisheni hana. Deni lote hilo limetoka wapi? Lilitoka kwenye kuta. Bili hukadiriwa hasa kwa thamani ya nyumba na kila ulichoweka ndani yake, kwa hiyo sofa ambayo haikaliwi na mtu unailipia wiki baada ya wiki. Ukiwa na Eco Lifestyle, nyongeza iliyotoka 2020, umeme na maji anayotumia Sim wako navyo vinaingia kwenye hesabu, na hapo paneli za sola zinasaidia kweli.

Sikuwa na cha kulipa. Umeme ukakatwa kwanza, maji yakafuata. Nakumbuka Sim wangu amesimama bafuni, ananuka, njaa inamuuma, na kila nikibofya bomba la mvua hakuna kinachotokea. Niliumia, jamani, maana ni mimi niliyemweka pale. Kilichomwokoa ni ubao wa kuchorea, kwa sababu hauhitaji umeme. Alichora mchana kutwa, nikauza picha moja baada ya nyingine mpaka pesa ya deni ikatimia, nikamtuma sandukuni akalipe. (Kwenye The Sims 2 mambo yalikuwa magumu zaidi: ukikaidi, alikuja mtu kubeba vitu vyako.)

Tangu siku hiyo najenga chumba kimoja, choo na jiko, basi. Kila familia mpya naiwekea akiba ya 3,000 ambayo siigusi hata nikiona zulia zuri namna gani. Nanunua kwanza kile kinacholeta pesa au kinachojenga ujuzi, kama ubao huo au matuta ya bustani. Mapambo yanasubiri Sim apandishwe cheo. Bili ikifika nalipa siku hiyohiyo, kwa sababu ukiiacha hadi kesho utaisahau ukiwa unahangaikia mtoto anayelia. Na ukibanwa, uza samani mapema badala ya kungoja giza, ingawa kitu kilichotumika hakirudishi bei uliyonunulia.

Kuna wanaoandika motherlode, neno la siri la kudanganya gemu, wakapata 50,000 papo hapo. Kwa anayetaka kujenga tu, sina neno. Lakini kama unataka kuishi na familia yako, usifanye hivyo. Mchoraji wangu wa sasa aliongeza chumba cha pili wiki ya nne, kwa pesa ya picha zake mwenyewe, na dirisha lake nililichagua kwa karibu nusu saa.